Kiti cha Mama Bosibori

Kiogoro, Kisii
Jumapili, mvua ikiwa imetulia

Kwako Mama yangu mpendwa,

Naishika miguu yako kutoka huku milimani, na kabla sijaeleza langu naomba kulijua lako. Goti limetulia, au bado linakusumbua unapoinuka kwenye mswala? Yule fundi amemaliza kuezeka upande wa jikoni, au angali anakula mahamri yako na kuahidi kesho? Mwanaisha ameanza kujisomea kwa ajili ya mtihani, au bado anadai kwamba taa inamuumiza macho? Mimi ni mzima. Nala nikashiba, nalala nikapata joto, na kazi yangu naipenda. Yaliyobaki katika barua hii ni habari pamoja na hoja, nawe wajua kwamba hoja zangu haziishi haraka. Mwambie Mwanaisha akusomee polepole, wala asirukie mwisho.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yetu hukatika pale hasa mtu anapotaka kueleweka. Tena huenda picha imekwisha kufika Takaungu kabla ya barua hii, kwa maana watu wa huku humtumia picha kila anayemjua mtu anayemjua mtu. Katika picha hiyo nimesimama uwanjani, nimevaa kanzu yangu ya Idi na koti juu yake, nimeshika ufunguo kwa mikono miwili, na chini yake pameandikwa kwamba mimi ni mwana wa Mama Bosibori. Ni kweli kwamba niliitwa hivyo mbele ya watu, na ni kweli kwamba nilikubali. Nataka usikie kwangu mwenyewe jinsi jambo hilo lilivyokuja na kwa nini naona kwamba halikukupunguzia kitu. Kisha uamue.

Mama Bosibori nimekutajia mara nyingi, lakini sidhani kama nimewahi kumtendea haki. Ndiye mwenye boma nilimopanga chumba. Alikuwa mkunga kabla ya kustaafu, na nikisimama mbele ya darasa huwa natazama nyuso ambazo nyingi kati ya hizo yeye ndiye aliyezipokea duniani. Sasa ni mwenyekiti wa bodi ya shule yetu ya kutwa, iliyoko juu ya kilima kati ya Kiogoro na Keumbu. Nilifika hapa msimu wa baridi nikiwa na shuka moja na imani kwamba Kenya yote ina joto. Jioni ile ile alinigongea mlango, akaniwekea blanketi kitandani bila kuuliza, akasema, "Mwalimu, hii si Mombasa." Nilimweleza kwamba mimi si wa Mombasa, ni wa Takaungu. Akaniambia, "Ni hapo hapo tu." Nimebisha juu ya jambo hilo na kijiji kizima na nimeshindwa. Mimi ni Mwalimu wa Mombasa.

Uliniuliza mara ya kwanza nakula nini miongoni mwa watu wasio wa dini yetu. Hawa ni Waadventista, Mama, na nguruwe hawamgusi. Alinitengea sufuria yangu, na kuku akitaka kuchinjwa huitwa mimi. Majirani wamekwisha kuzoea, nao huleta kuku wao wakidai kwamba wa Mwalimu hulainika haraka. Binti yake Bosibori ameolewa, na mwanawe wa kiume wa pekee yuko Katari, analinda maghala. Siku ya kwanza aliponipakulia ugali wa wimbi na mboga za saga, zile chungu ambazo leo nisipozipata natafuta, alisema, "Kula. Pengine huko Katari kuna mama anaambia wangu hivi hivi." Nikala mpaka nikamaliza sahani.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe, na kisa kinaanzia katika chumba cha walimu.

Mwalimu mwenzangu Ombati, anayefundisha Hisabati na ambaye ni rafiki yangu kwa kuwa hakubaliani nami juu ya lolote, alikuwa amerudi kutoka mazishini. Alilalamika kwamba wasemaji walikuwa wengi, na kila mmoja alitumia nusu ya nafasi yake kutaja waheshimiwa, madaktari, wahandisi na wenyeviti, hata wale ambao uenyekiti wao ulikwisha zamani.

"Vyeo ni upepo," alisema. "Marehemu analala hapo, watu wanapangana nani anasimama wa kwanza."

Nilimwambia kwamba amekosea. Nilimweleza habari za Rumi ya Mashariki, ile ambayo makao yake yalikuwa Konstantinopoli, na ambayo niliiandikia tasnifu wakati wenzangu wakinicheka. Huko, zaidi ya miaka elfu iliyopita, heshima ziligawanyika pande mbili. Kulikuwa na daraja, na kulikuwa na kazi. Daraja mtu alipewa kwa kitu cha kushikika. Aliyefanywa patrikio, yaani mmoja wa wakuu wa heshima, alipokea mabamba ya pembe za ndovu. Aliyeitwa mshika upanga wa kwanza, hata kama hakuwahi kushika upanga, alivishwa mkufu wa dhahabu. Bibi mkuu wa nyumba ya malkia alifungwa mshipi. Kazi, kama vile kuongoza jeshi au kusimamia hazina, mtu alipewa kwa neno tu. Kilichoingia mkononi kilikaa na mtu maisha yake yote, ila akifanya kosa kubwa. Kilichotoka kwa neno kiliweza kuondolewa kwa neno jingine. Basi, nikasema, mtu anayedai kuitwa Mwenyekiti baada ya kustaafu hafanyi upuuzi. Anadai kwamba alichopewa kilikuwa daraja, wala si kazi. Anaweza kuwa amekosea, lakini swali lake ni swali halisi. Niliongeza kwamba baadhi ya pembe zile hapana budi zilitoka pwani yetu, na mpaka leo hakuna aliyeniletea hoja ya kunipinga.

"Nyinyi watu wa historia mnapenda wafalme kuliko watoto wenu," Ombati alisema.

"Sina watoto."

"Ndiyo maana."

Sikuachia hapo. Nilimweleza kwamba katika kasri lile palikuwa na afisa ambaye kazi yake yote ilikuwa kuwaketisha wageni karamuni, kila mmoja mahali pa daraja lake. Akimshusha mtu nafasi moja, alikuwa amemvunjia heshima yeye pamoja na mfalme aliyempa daraja. Nilikuwa nikieleza hayo kwa mikono yote miwili, bila kujua kwamba Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai.

"Hiyo kazi tuko nayo hapa," alisema. "Ijumaa ijayo tunafungua maktaba. Wewe Mwalimu wa Mombasa ndiye utaweka watu kwa viti."

Niliipokea kazi hiyo kwa furaha, nami nakiri kwako kwamba niliipokea pia kwa fahari. Siku yenyewe ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Maktaba imejengwa kwa jasho la wazazi, na mgeni wa heshima alikuwa mkurugenzi mmoja katika serikali ya kaunti huko Nyamira. Zaidi ya hayo, muhula wa Mama Bosibori ulikuwa unamalizika, na ilikubaliwa kwamba baada ya sherehe wazazi na bodi wangekaa kumchagua mwenyekiti wa muhula unaofuata. Makamu wake, Mzee Makori, alikitaka kiti hicho waziwazi. Si mtu mbaya. Ni mkulima wa chai mwenye sauti kubwa na suti moja nzuri, na anaamini kwamba shule ya mchanganyiko haifai kusimamiwa na mwanamke. Nilikwisha bishana naye juu ya hilo, na hakuna aliyemgeuza mwenzake.

Nilichora mpango wa jukwaa jinsi ambavyo ungechorwa popote. Mgeni wa heshima katikati. Mwenyekiti wa bodi mkono wake wa kulia. Mwalimu Mkuu mkono wa kushoto. Jioni moja baada ya masomo nilimpelekea Mama Bosibori, aliyekuwa ameketi barazani akipepeta wimbi, nikitarajia sifa.

"Hapa umeweka nani?" aliuliza.

"Mgeni wa heshima, Mama."

"Na hapa?"

"Wewe. Mkono wake wa kulia. Ni stahili yako."

Aliweka ungo chini. "Mwalimu, huyo mgeni ni bwana ya Bosibori."

"Najua, Mama. Nilidhani utafurahi."

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya leso. "Huyu mtoto anataka kuniua mbele ya watu," aliuambia wimbi wake.

Ndipo nilipofundishwa jambo ambalo hakuna aliyewahi kunieleza, kwa sababu huku hakuna anayefikiri kwamba yuko mtu asiyelijua. Wanaliita chinsoni. Ni heshima yenye haya ndani yake, inayokaa kati ya mzazi na mtoto aliyekomaa, na zaidi kati ya mtu na mkwewe. Mama mkwe na mume wa binti yake hawakai bega kwa bega. Hawapeani mkono. Hawali wakitazamana vinywa. Usidhani kuna ugomvi, Mama. Wanapendana sana wale wawili. Mkwe akimpeleka hospitali kwa gari lake, mama mkwe hukaa nyuma na Bosibori mbele, na mazungumzo yote hupitia kwa Bosibori, hata la kuuliza kama dirisha lifungwe.

Nilimbishia, maana ndivyo nilivyo. Nilimwambia kwamba yeye ni mkunga aliyesoma, ni mzee wa kanisa, na kwamba siku ile angekuwa pale kama mwenyekiti, si kama mama mkwe.

"Nimesoma," alisema. "Lakini sikusomea kukaa na mkwe wangu nikitafuna kuku, na wamama wote wa Kiogoro wananiangalia. Huo uenyekiti nitauvua jioni. Huyu atabaki mkwe."

Hapo, Mama, alikuwa ametamka kwa maneno machache kile nilichokuwa nimekihubiri katika chumba cha walimu. Uenyekiti ulikuwa wa neno. Ukwe ulikuwa wa aina ile nyingine.

Bodi ilikaa siku ya pili yake kukamilisha matayarisho. Nami niliitwa kueleza mpango wangu, na Ombati alikuwapo kwa niaba ya walimu. Habari ilikwisha mfikia Mzee Makori.

"Kama Mwenyekiti hawezi kaa hapo, si shida," alisema kwa upole mwingi. "Apumzike nyumbani, tutamwekea chakula. Makamu yuko hapa na suti yake."

"Na ufunguo?" aliuliza Mwalimu Mkuu.

Maana palikuwa na jambo la pili. Ufunguo wa maktaba ulipaswa kutoka mkononi mwa mwenyekiti, kwa niaba ya wazazi, uingie mkononi mwa mgeni wa heshima, naye afungue mlango. Hapo mikono ingekutana.

"Nipe hiyo ufunguo," alisema Mzee Makori. "Mkono yangu haina mkwe huko."

Watu walicheka, na katika kicheko kile nilimwona Mama Bosibori ameinamisha macho. Kila mtu katika chumba kile alielewa kilichokuwa mezani. Kama Mzee Makori angekaa mkono wa kulia wa mgeni na kumkabidhi ufunguo mbele ya wazazi wote, saa chache baadaye wazazi hao wangeinua mikono kumchagua mtu ambaye macho yao yamekwisha mzoea kitini. Nimesoma vya kutosha kujua kwamba watu hawapewi daraja na karatasi. Wanapewa na mkono unaoonekana ukitoa.

Niliomba kusema. Nilisema kwamba hata katika Rumi malkia alikuwa na baraza lake, akiwapokea wake wa wakuu mbali na meza ya mfalme, wala hakuna aliyesema kwamba kwa kukaa mbali alikuwa mdogo. Nikapendekeza mahema mawili yanayotazamana, uwanja ukiwa katikati. Moja liwe la mgeni, jingine liwe la mwenyeji, na mwenyeji ni mwenyekiti. Kila atakayesimama kusema aanze kwa kuligeukia hema la mwenyeji na kuomba ruhusa.

"Mahema mawili?" alisema Mzee Makori. "Hii ni shule ama ni arusi?"

"Wacha mwalimu amalize," alisema Mama Bosibori, na macho yake yalikuwa yameinuka. "Hata hiyo si ya Rumi. Sisi tukipokea wakwe tunakaa hivyo, huku na huku."

Nilimwambia kwamba inawezekana kabisa jambo moja likawa la Rumi na la Kiogoro pia. Tukabishana kidogo juu ya nani alianza, na Mwalimu Mkuu akatukatiza kwa kukubali mahema. Lakini Mzee Makori hakuwa amemaliza.

"Meza umeweka sawa," aliniambia. "Sasa ufunguo itaruka?"

Mtu mmoja alisema Bosibori aubebe, naye Mama Bosibori akatikisa kichwa. "Bosibori atakuja na bwana yake. Ni wa upande ya mgeni. Mnataka ajipokee?" Kisha akakunja leso yake vizuri mapajani. "Ufunguo itabebwa na mwanangu. Mkono yake ni mkono yangu."

"Mwana yako yuko Katari," alisema Mzee Makori.

"Huyo ni mmoja. Huyu mwingine amekaa hapo, anakula ugali yangu tangu mwaka jana." Na akanionyesha kwa kidevu.

Ombati aliniinamia sikioni. Hakuwa akitania. "Fikiri kwanza. Ukikubali, hapa hiyo haina mwisho. Wewe ni mtoto wa hilo boma. Arusi utaitwa, matanga utaitwa, na yule mkurugenzi ni shemeji yako."

Mama, nilitamani kutoka nje nikupigie simu nikuombe ruhusa, lakini watu wote walikuwa wakinitazama, na yule mwanamke aliyeniwekea blanketi alikuwa ameweka heshima yake yote juu ya neno langu moja. Nilisimama. Nilisema kwamba ninaye mama, yuko Takaungu, ananilea mpaka leo kwa dua, na kwamba sitamkana kwa ajili ya kiti cha mtu yeyote.

"Nani amekuambia umkane?" aliuliza Mama Bosibori. "Nimesema wewe ni mwanangu. Sikusema yeye si mama yako."

Ndipo nikakubali.

Siku ya Ijumaa ilianza kwa manyunyu. Mwalimu Mkuu alitaka nivae suti, lakini Mama Bosibori alisema mtoto wake atavaa nguo ya kwao, ndipo nikavaa kanzu. Mahema yalisimama yakitazamana. Mgeni alipofika na mkewe, alitazama upande wetu, akamwona mama mkwe wake ameketi peke yake katikati ya hema lake, wajumbe wa bodi wakiwa kulia na kushoto kwake, nami nikauona uso wake ukilegea. Baadaye Bosibori aliniambia kwamba mumewe alikuwa amekaribia kumtuma msaidizi wake, akisingizia kikao. Juma zima alikuwa akijiuliza atakaa wapi. Kumbe waliokuwa wakihangaikia viti ni wawili, kila mmoja kwake, na hakuna aliyeweza kumuuliza mwenzake.

Wasemaji walisema, kila mmoja akiligeukia kwanza hema la mwenyeji. Saa ya ufunguo ilipofika, Mama Bosibori alisimama, akauweka katika viganja vyangu viwili, akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Mwanangu, mpelekee shemeji yako."

Nilikuwa katikati ya uwanja Mzee Makori aliponijia, mkono ameunyosha, uso una tabasamu. "Leta hapa kijana, nikusaidie. Nyasi inateleza."

Ningekuwa na majibu mengi, na siku nyingine ningeyatoa yote. Lakini yeye ni mzee, nami nilikuwa nimetumwa. Niliinamisha kichwa, nikamwambia, "Mzee wangu, nimetumwa na mama. Nikiuachia njiani, nitajibu nini nyumbani?"

Akina mama walipiga vigelegele kabla sijamaliza. Mzee Makori alisimama pale na mkono wake, kisha akaurudisha, kwa sababu hakuna mzee katika nchi hii anayeweza kuonekana akimwamuru mtoto amwasi mama yake. Kama ningesema mimi ni afisa wa itifaki, angenisukuma. Cheo hicho nilipewa na Mwalimu Mkuu, na makamu wa bodi ni mkubwa kuliko Mwalimu Mkuu. Lakini mwana nilipewa na mama.

Mkurugenzi aliupokea ufunguo kwa mikono miwili. "Shemeji," alisema, na macho yake yalikuwa yanacheka, "tangu lini Mama akazaa mtu wa Mombasa?"

"Si Mombasa. Takaungu."

"Ni hapo hapo tu. Mwambie Mama nimepokea, na mlango nitaufungua kwa jina lake."

Nilirudi uwanja mzima kuupeleka ujumbe huo. Mama Bosibori alisikiliza kwa utulivu wa malkia, kisha akasema, "Mwambie asukume na bega. Mlango imevimba na mvua." Niliuvuka uwanja tena, nikautoa ujumbe huo neno kwa neno, kwa heshima ambayo wajumbe wa Konstantinopoli walipelekea habari za vita. Akasukuma kwa bega. Mlango ukafunguka.

Uchaguzi ulifanyika haraka, kwa kuwa Sabato huanza jua likizama na wote walitaka kuwa nyumbani. Mama Bosibori alichaguliwa tena, na mikono iliyobaki chini ilikuwa ya watu wa karibu wa Mzee Makori tu. Mzee mwenyewe aliinua wake mwishoni. Alipokuwa akiondoka alipita karibu nasi, akasema, "Mwenyekiti, umetushinda na mtoto wa kukopa."

"Wa kukopa tungemrudisha Jumatatu," alimjibu. "Huyu harudi."

Hilo ndilo neno ninaloogopa, Mama. Ndilo nililotaka ulisikie kwangu, pamoja na yale yaliyolizunguka, wala si kwa mtu atakayekupelekea hilo peke yake.

Ombati ameshanitolea mtihani. Aliniuliza, "Sasa wewe ni wa neno ama wa kitu? Wanaweza kukufuta?" Nimelifikiri hilo tangu jana. Kazi ya kuketisha watu niliyopewa ilikwisha Ijumaa, kama kazi zote za neno. Huku kuitwa mwana nako nilipewa kwa neno, wala sikuvishwa chochote. Na bado hakuna mtu hapa ambaye angejua namna ya kuniondolea. Leo asubuhi nilitumwa maji na mwanamke nisiyemjua, kwa sababu alikuwa dada wa Mama Bosibori na hakuona haja ya kujitambulisha. Daraja la namna hiyo sikulikuta katika vitabu vyangu, na nitalazimika kukubali kwamba vitabu vyangu havikumaliza.

Na sasa naomba nikushukuru, kwa maana yote haya yanarudi kwako. Wengine walipokuambia kwamba historia ya watu waliokufa haitamlisha mtoto, uliwajibu kwamba mtoto wako ataamua mwenyewe atakula nini. Uliniacha nibishe mezani, hata na wageni, ukanikataza jambo moja tu, kumkatiza mkubwa katikati ya neno lake. Siku ile uwanjani kinywa changu kilikuwa tayari kumshinda Mzee Makori, na ni malezi yako yaliyokifunga na kunipa sentensi moja iliyotosha. Watu walimsifu Mama Bosibori kwa kuwa na mwana mwenye adabu. Sifa hiyo ni yako. Nilimwambia hivyo, naye akasema anajua.

Jana baada ya ibada alikuja barazani kwangu, akakaa, akasema, "Nimekuita mwanangu mbele ya watu na mama yako hajasikia. Hiyo si vizuri. Mtu hachukui mtoto ya mwenzake namna hiyo." Anataka kuja Takaungu shule zikifungwa, yeye na Bosibori, kukuona uso kwa uso na kukuomba. Hakusema kukujulisha. Alisema kukuomba. Amekwisha chagua mkungu wa ndizi ambao anasema haukatwi mpaka siku hiyo. Nilimwambia nitakuandikia kwanza, na kwamba jibu ni lako peke yako.

Ukisema hapana, nitamweleza kwa adabu, naye ataelewa, kwa kuwa anayajua maumivu ya mwana aliye mbali. Ukisema ndiyo, mpigie simu mwenyewe. Kiswahili chake utakielewa. Usimwite Mwenyekiti, hapendi. Mwite dada.

Nisalimie Ami na umwambie kwamba hoja yake ya mwisho juu ya bandari nimeitafakari na bado naikataa. Mpe mkono Bibi mzaa baba, umweleze kwamba kanzu aliyonishonea imeonwa na wilaya mbili. Msalimie ustadhi wangu wa chuo, jirani wa viazi karai, na Mwanaisha, ambaye najua ameruka mistari fulani; arudi aisome.

Mola akulinde, goti lipone, na paa la jikoni lishike kabla ya masika.

Ni mimi, mwanao uliyenizaa mwenyewe,
Abdalla